Mama Masijala anajibu: Mtu mmoja, ofisi mbili, mishahara miwili

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya watumishi wenye kazi mbili za kutwa nzima, moja ya serikali na nyingine ya kampuni au shirika, kote kimyakimya, kote mshahara kamili, aisee meseji zikamiminika mpaka simu ikawa inakataa chaji. Nimechagua chache nikazifupisha. Majina na ofisi nimetoa, maana Dodoma kwenye ramani ni jiji ila panda daladala ya Mtumba, kule kwenye Mji wa Serikali, asubuhi uone kama kuna mtu hamjuani.

*

*Shikamoo Mama Masijala. Niko wizara moja hapa Mji wa Serikali. Chumba chetu tuko watano, mmoja wetu ana kazi nyingine ya mtandaoni, kampuni ya nje, mkataba kabisa wa masaa nane kwa siku. Asubuhi anasaini, anaweka koti kwenye kiti, anawasha kompyuta, faili moja analiacha wazi na kalamu juu yake, kisha anateremka na laptopu yake anakaa kwenye gari huko kivulini, hedifoni masikioni, anafanya mikutano yake mpaka saa nane. Madokezo yake tunaandika sisi. Bosi akiuliza tunasema katoka sasa hivi. Nimechoka, ila sitaki kumwaga ugali wa mwenzangu. Nifanyeje? — Mchovu, Mtumba*

Marahaba mwanangu. Hilo koti nalijua vizuri sana, nimelikuta kazini na nimestaafu nikaliacha. Tofauti ni kwamba zamani mwenye koti alikuwa kaenda Soko la Majengo kununua nyanya, au kaenda msibani, au kaenda kugombana na fundi wake wa nyumba huko Nkuhungu, saa mbili baadae utamuona anarudi anahema. Siku hizi koti lina cheki namba, yaani namba ya mtumishi kwenye mshahara, linapanda daraja, linakwenda likizo na kulipiwa nauli.

Ngoja kwanza niweke sawa kitu kimoja maana meseji nyingi zimechanganya. Kuwa na kitu cha pembeni sio dhambi. Muda wa kazi serikalini ni saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, ukitoka hapo ukaenda kufuga kuku Nzuguni, kuuza mitumba, kuandikia watu michanganuo ya biashara, hayo ni maisha yako, alimradi hutumii gari na wino wa serikali, hufanyi biashara na ofisi yako mwenyewe, na pale panapotakiwa kibali umeomba. Huyo wenu hafanyi kazi ya pembeni. Huyo kauza saa zilezile mara mbili. Wenyeji wa hapa tunakijua hiki kitu tangu enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja vya Dodoma, kiwanja kimoja watu wawili, kila mmoja ana barua yake na kila mmoja anaamini ni chake, na mwenye kugawa anakaa kimya mpaka siku matofali ya wote wawili yanashushwa eneo moja.

Haya, sasa nije kwako, na utaniwia radhi. Hiyo kazi ya pili ya mwenzenu inaendeshwa na nyie wanne. Yeye hana kipaji cha ajabu, hana masaa arobaini na nane, ana nyinyi. Kila dokezo unalomwandikia ni kama nusu saa umeichangia kampuni ya watu huko nje na hawakujui wala hawatakutumia hata kadi ya krismasi. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji ushujaa wowote, acha tu. Usiandike tena. Bosi akiuliza yuko wapi, sema sijui aliko, ambayo hata ni kweli, maana leo yuko chini ya mti gani nani anajua. Na kama kuna anayemsainia daftari la mahudhurio siku asipokuja, huyo aache leo hii kabla ya chai, kwa sababu mambo yakilipuka yule atajibu la kwake na aliyesaini atajibu la kwake, na utoro wa zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, sasa wewe ukutwe ndio uliyekuwa unauficha.

Kingine kiacheni mfumo uongee. Tangu tulipotoka kwenye zile fomu za OPRAS za kupima utendaji tukaingia kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kazi hiyohiyo, kila mtu anajaza kazi zake mwenyewe na msimamizi anathibitisha. Kazi za yule zikibaki wazi zibaki wazi. Najua mtaniambia "Mama kitengo kizima kitaonekana kibaya". Kitaonekana hivyo mwezi mmoja, halafu bosi ataanza kuuliza maswali ambayo alitakiwa aulize mwaka jana.

Mwambie mwenyewe kwanza, uso kwa uso, nje ya ofisi, sio kwenye grupu la WhatsApp. Mwambie kaka, sisi tumefika mwisho, chagua. Wengine wakiambiwa hivyo wanachagua kweli. Asipobadilika, andika kwa msimamizi, ila usiandike habari za kampuni ya nje ambazo hujaziona kwa karatasi, andika unachokijua wewe: kazi hizi na hizi zilipangiwa fulani, nimezifanya mimi tarehe hii na hii, naomba mgawanyo upya. Barua ya hivyo hakuna anayeweza kuiita umbea. Na kama unahisi bosi mwenyewe anapata mgao wa ile hela ya nje, maana hiyo nayo ipo tena sio mara moja, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba ni 113 na haikatwi salio, na toka 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Mnaosema hii ni tabia ya kibongo poleni. Uingereza wana utaratibu wa serikali unaitwa National Fraud Initiative, wanachukua orodha za mishahara za halmashauri na taasisi mbalimbali wanazilaza pamoja, na baada ya watu kuzoea kufanyia kazi nyumbani kipindi cha korona wamekuta watumishi walioajiriwa kutwa nzima sehemu mbili, halmashauri hii na ile. Kule wanawaita wenye ndoa ya wake wengi kikazi. Angalau wa kwao alikuwa nyumbani kwake na chai ya moto, wa kwetu anaungua na jua la Mtumba ndani ya Vitz.

*

*Mama pole na majukumu. Mimi ni muuguzi kituo cha afya wilaya ya Bahi. Nina mkopo wa benki, bodi ya mikopo nao wanakata, na nyumbani nasomesha wadogo zangu wawili. Hospitali binafsi hapo mjini wananitaka, tena sio pati taimu, wanataka mkataba wa kudumu, zamu za usiku. Nimepiga hesabu naweza kutoka kule alfajiri nikapanda basi nikaingia Bahi asubuhi. Wenzangu wanafanya. Je ni kosa? — Dada wa Bahi*

Mwanangu, barua yako imenikaa moyoni, sitakusema. Najua mshahara unaishaje. Mei mosi ya 2025 pale Singida rais alitangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kitoke 370,000 kiende 500,000 kuanzia Julai, watu wakashangilia mpaka wakapoteza viatu, na ni jambo jema kwa kweli, ila wewe mwenye makato ya bodi ya mikopo asilimia 15 na benki inakusubiri mlangoni ile nyongeza umeisikia redioni zaidi kuliko mfukoni.

Watu wa afya kufanya kazi nje sio kitu kipya na wala sio siri. 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, 1991 sheria ikarekebishwa zikaruhusiwa tena, na tangu hapo madaktari na manesi wa serikali ndio wamezishikilia hizo hospitali jioni na wikiendi. Muhimbili mpaka wakaanzisha utaratibu wa kuona wagonjwa wa kulipia palepale ndani ili daktari asikimbie. Kwa hiyo ukiniuliza kupiga dei waka siku yako ya ofu, kwa zamu, unalipwa unaondoka, mganga mfawidhi wako anajua na umeandika barua, mimi nitakwambia nenda mwanangu Mungu akutie nguvu.

Ila mkataba wa kudumu ni mnyama mwingine. Pale unakuwa umeahidi waajiri wawili kwamba kila mmoja ni wa kwanza. Siku kule kuna dharura wamekuzuia mpaka saa mbili asubuhi na Bahi kuna mama yuko leba na mwenzako kaenda chanjo kijijini, utamkimbilia nani? Na mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 50, basi likipata pancha je?

Halafu njoo tupige hesabu, maana naona hujapiga yote. Tuseme wanakupa 600,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata asilimia 10, hiyo 60,000, zinabaki 540,000. Ajira ya pili kodi yake haipandi zile ngazi za kuanzia 270,000 ambazo umezizoea, inakatwa asilimia 30 moja kwa moja, yaani 162,000. Unabaki na 378,000. Toa nauli ya kwenda na kurudi kila siku, toa chai ya usiku, toa dada wa kumwachia mtoto kama unae. Hapo umelala masaa matatu. Hospitali ikikwambia usijali sisi kodi hatutapeleka hivyo, basi jua unaingia kwenye kosa la pili kabla hujaanza zamu ya kwanza.

Waombe wakupe zamu mbili kwa wiki kwa malipo ya zamu, omba kibali kwa maandishi, nakala weka. Wakikataa wakang'ang'ania mkataba wa kudumu tu basi wanachotaka ni leseni yako ukutani kwao.

Na usingizi usiufanyie mchezo. Nesi aliyekesha anakosea dozi, na karatasi ya dozi inakuwa na sahihi yako.

*

*Mambo vipi Mama. Mimi kijana wa miaka 27, niliajiriwa kupitia Ajira Portal nikapangiwa halmashauri mkoa wa Singida. Kabla ya hapo nilikuwa kampuni moja Dodoma mjini na kusema ukweli sijawaaga. Kazi yao ni ya kompyuta naifanya usiku na mchana nikipata upenyo, bosi wangu wa halmashauri anajua niko "fildi". Miezi inaenda nalipwa kote. Swali langu ni moja tu, mfumo wa mishahara wa serikali unasoma mpaka kampuni binafsi? — Mpambanaji*

Mpambanaji, wenzako wameandika kuuliza kama ni kosa, wewe umeuliza kama utaonekana. Angalau hujanidanganya.

Mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara wa serikali unasoma watumishi wa serikali. Ukiishia hapo utalala usingizi. Sasa usiishie hapo. Kule Singida mwajiri anakuchangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kule Dodoma kampuni inakuchangia NSSF, kote kuna namba yako ya NIDA ileile, na kodi ya mshahara ya kote inakwenda TRA kwa TIN ileile. Hakuna mtu anayekaa kukutafuta wewe Mpambanaji kila asubuhi, lakini siku mtu akiamua kulaza orodha mbili pamoja wewe ni mstari mmoja tu unaowaka. Wale watumishi 9,932 wa vyeti feki unawakumbuka? Ile ripoti Magufuli alikabidhiwa hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, tarehe 28 Aprili 2017. Kuna watu mle walikuwa wamekaa kazini mpaka wanakaribia kustaafu, wengine wakubwa ofisini kwao, na kila uhakiki uliopita walikuwa wameupita.

Tena nikwambie kwa uzoefu wa miaka ya kufungua majalada ya nidhamu, mfumo ndio huwa wa mwisho kujua. Anayejua kwanza ni binadamu. Kampuni inatoa kalenda ya mwaka mpya, picha ya wafanyakazi wote, na wewe mstari wa pili na tisheti yenye nembo, kalenda inatundikwa kwenye duka la steshenari ambalo mweka hazina wa halmashauri ananunua karatasi. Au unakwenda benki kuomba mkopo, afisa mikopo anaona mishahara miwili kwenye akaunti, anapiga simu kwa afisa utumishi kuhakiki barua, kwa nia njema kabisa. Au unapata msiba, na waajiri wote wawili wanaleta rambirambi. Hii ya mwisho watu wanacheka ila mimi nilikuwepo, mabasi madogo mawili yameegesha uwanja mmoja, kila moja na kibao chake, na wote wanasema "tumekuja kumfariji mtumishi mwenzetu".

Sheria nazo, mimi sio wakili lakini nimesoma mashtaka ya kutosha. Kuna kinidhamu, na kuna jinai. Ukiwa umesaini nyaraka za kumdanganya mwajiri kuna kifungu cha 22 cha sheria ya TAKUKURU ya 2007, na kuna kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia kwa udanganyifu. Kumbuka ulipoanza kazi ulisaini mkataba na ahadi ya uadilifu, zile karatasi ulizosaini harakaraka ili uwahi kuingizwa kwenye mshahara. Ziko kwenye faili lako, ukurasa wa mwanzo kabisa.

Cha kufanya: uko kwenye matazamio bado, miezi 12 hiyo, na kuthibitishwa kwako kunategemea huyo bosi unayemwambia uko fildi. Amua mwezi huu. Kama moyo uko kampuni, andika barua ya kuacha kazi serikalini kwa notisi kama utaratibu unavyosema, ondoka kwa heshima, mlango unaweza kufunguka tena mbele. Kama moyo uko serikalini, aga kampuni, chukua barua yao ya kukubali kuacha kazi, ihifadhi, maana tarehe iliyo kwenye hiyo barua siku moja itakuwa ndio rafiki yako au adui yako. Na usimwombe mtu airudishe nyuma hiyo tarehe. Usiniandikie tena kuuliza hilo.

Na wengine mnaoruka kutoka taasisi moja ya umma kwenda nyingine mkiwa mmeweka mguu kote, lile tangazo la ajira huwa mnalisoma mpaka chini? Kuna mstari unaosema walioko tayari kwenye utumishi wa umma katika nafasi za kuingilia wasiombe, wafuate waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Uko kwenye matangazo miaka yote, watu wanauruka wanakimbilia kwenye mshahara.

*

*Mama mimi ni mwalimu, nina ekari mbili za zabibu Hombolo, na jioni nafundisha tuisheni. Na mimi nahesabika nina kazi mbili? — Ticha wa zabibu*

Zabibu hapana ticha, lima tu, na msimu wa kuvuna usinisahau. Shida ni ile ya kupogolea mashina Jumanne saa nne asubuhi wakati darasa la sita wanapiga kelele. Tuisheni inategemea unamfundisha nani. Ukiwalipisha haohao wa darasani kwako kwa mada uliyoiruka mchana hapo unatafuta wito wa Tume ya Utumishi wa Walimu, na wakija hawaulizi zabibu.

*

*Shikamoo Mama. Mume wangu ni mtumishi, nimegundua ana kazi nyingine ya kudumu kwenye shirika, miaka miwili sasa. Mimi nyumbani naona hela ya moja tu. Nikamripoti? — Mke wa Ilazo*

Marahaba mama. Ukimripoti leo, kesho nyumba ina mishahara sifuri, sasa ujue unaripoti ukiwa na hasira ya hela au ya nini. Muulize kwanza ile ya pili inalala wapi. Kama ni kiwanja Iyumbu chenye majina yenu wote wawili ni mazungumzo mengine, na kama kiwanja kina jina la mtu mwingine basi mama tatizo lako halipo kwenye safu hii, liko ukurasa wa ndoa.

*

*Ndugu mwandishi, mimi ni mstaafu, niko Kondoa. Nawasikia vijana mnajadili mishahara miwili kama jambo jipya. Sisi tulikatazwa toka 1967! Mbona hamsemi? — Mzee wa Kondoa*

Shikamoo mzee wangu, umeniwahi, nilikuwa nakuja huko. Vijana wengi hawajui kwamba kwenye Azimio la Arusha, Februari 1967, masharti ya uongozi yalitaja kabisa kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi kwenye kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha, na hilo la mishahara. Na "kiongozi" hapo hawakumaanisha mawaziri peke yao, watumishi wa ngazi za kati na za juu serikalini nao walikuwa ndani.

Sasa mzee tusimalizie njiani. 1991 kule Zanzibar halmashauri kuu ya CCM ikalegeza masharti yale, nyumba za kupangisha zikaruhusiwa, hisa zikaruhusiwa, na mshahara wa pili nao ukapata njia. Waliolegeza hawakuwa wajinga, miaka ya themanini mshahara wa serikali ulikuwa haununui sukari, mtumishi alikuwa anaishi kwa mashamba, mbuzi na biashara ya mke, kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui. Kilichobaki baada ya pale ni sheria ya maadili ya viongozi ya 1995, ambayo inamtaka kiongozi atamke mali zake na aepuke mgongano wa maslahi, na kwa watumishi wa kawaida ni kanuni za utumishi na kibali cha mwajiri.

Ila tofauti yangu na wewe mzee ni hii. Ninyi mlikatazwa kipato cha pili. Mimi kipato cha pili sina ugomvi nacho hata kidogo, na ningekuwa na uwezo ningewaruhusu kwa fomu ya ukurasa mmoja, kila mtu aandike anafanya nini jioni, bosi asaini, tumalize. Leo mtu mwenye kibanda cha chipsi anajificha sawasawa na mwenye kazi mbili za kutwa, matokeo yake wote wanaonekana sawa na yule mkubwa anajificha nyuma ya wa chipsi. Unamuuliza "kaka unatoroka kazini", anakujibu "ah, sote tunahangaika mama". Sote hatuhangaiki hivyo.

Na treni ya mwendokasi nayo imeongeza, tangu 2024 mtu anatoka Dodoma asubuhi anakuwa Dar kabla ya chakula cha mchana, nimeshasikia habari za mmoja mwenye dawati huku na dawati kule, wiki hii huku "semina Dar", kule "semina Dodoma". Semina zote anahudhuria yeye mwenyewe.

*

*Mama nisaidie haraka. Nimekamatwa. Nilikuwa na ajira mbili kwa mwaka na nusu, mwajiri wa serikali kanipa hati ya mashtaka jana. Rafiki zangu wanasema nisijibu, nikae kimya, na wengine wanasema niwahi kuacha kazi ili kesi ife. — Nimekwama, Dodoma mjini*

Pole. Hao rafiki zako mmoja mmoja uwaambie wakusaidie kwa nauli tu, ushauri wabaki nao.

Hati ya mashtaka lazima ujibu, kwa maandishi, ndani ya muda ulioandikwa humohumo. Usipojibu mamlaka ya nidhamu inaendelea bila wewe na unakuwa umepoteza nafasi pekee ya kusema neno lako kabla mambo hayajaenda kwa kamati ya uchunguzi. Soma kila shtaka peke yake, maana mara nyingi wanaweka matatu au manne na sio yote yanakuhusu. La utoro, jibu la utoro, kama una daftari la mahudhurio linaloonyesha ulikuwepo liombe, una haki ya kuona nyaraka wanazozitegemea. La mshahara wa pili, kama ni kweli usitunge hadithi ya ndugu mnaefanana majina, hiyo imeshatumika sana na kamati zinaijua. Eleza ulianza lini, uliacha lini, kama kulikuwa na mtu aliyejua akakuruhusu kwa mdomo mtaje, kazi ulizokamilisha ziambatanishe. Kuna tofauti kati ya mtu aliyelipwa na kazi ikalala na mtu aliyelipwa na kazi ikaonekana, na kamati nzuri inaiona. Adhabu zenyewe hazifanani, kuna onyo, karipio, kuzuiliwa nyongeza ya mshahara, kushushwa mshahara au cheo, na kuna kufukuzwa. Usijihukumu mwenyewe kabla yao.

Kukimbilia kuacha kazi leo itasomeka kama kukiri, na hela kama wanaidai wataidai tu ukiwa nje. Kama uko chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, nenda kwenye tawi lako kesho asubuhi, ile asilimia wanayokukata kila mwezi ndio siku yake hii. Na ukiona jina la TAKUKURU kwenye barua yoyote, achana na mimi tafuta wakili.

Uamuzi ukitoka na hujaridhika rufaa inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma, siku 45 tangu upokee uamuzi. Zihesabu kwa kalenda na sio kwa kichwa, watu wengi wamekosa haki zao kwa siku mbili tu huku wanasubiri mjomba aongee na mtu. Jibu lako liandike kurasa nne zisizidi, chapa nakala tatu, peleka mwenyewe kwa mkono, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikwambia mwenye muhuri katoka, kaa hapohapo kwenye benchi mpaka arudi. Hiyo nakala iende nyumbani leo hiihii, usiiache kwenye droo ya ofisini.